Diski C imejaa? Usikimbilie kufomati

Ndugu, kama C imebakiwa na GB 2 kati ya 120 na Windows inagoma kupokea masasisho, mwambie fundi asubiri kwanza. Kufomati ni hatua ya mwisho.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cleanmgr (kifaa cha Windows cha kusafisha diski), bonyeza Enter, chagua C, kisha bofya kile kitufe chenye alama ya ngao ili ihesabu na faili za mfumo. Kwenye mashine kuukuu huchukua muda, utadhani imeganda, iache. Ukikuta mstari wa Windows iliyotangulia, hapo ndipo penye mnofu, maana folda ya Windows.old, yaani mabaki ya Windows ya zamani, hula GB nyingi. Ukiifuta hutaweza kurudi toleo la zamani, ila kama kila kitu kinafanya kazi sioni hasara. Angalizo: matoleo mengine huorodhesha hapo hapo folda ya Downloads. Usiiwekee tiki kabla ya kuikagua.

Kama wewe huzima kompyuta kabisa badala ya kuilaza kwa hibernate, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike powercfg /h off. Faili la hiberfil.sys, linalohifadhi kazi zako kompyuta inapolazwa hivyo, litaondoka lenyewe. Kuwaka tu kutachelewa kidogo.

Video za harusi hamishia diski ya nje. Nakili, fungua mbili tatu uhakikishe zinacheza, ndipo ufute na kumwaga pipa la taka.

Na hizo programu za bure zinazojinadi kusafisha kompyuta, achana nazo. Nyingi huja na matangazo, nazo zinakula nafasi ile ile.