Kabla hujachora banda la ngoma

Banda langu la kwanza nililichorea ofisini Mombasa, kabla sijakaa hata jioni moja na wanakijiji wenyewe, ng'ambo ya Likoni. Nikawawekea jukwaa la kimo cha mita 1, na ngazi pembeni. Siku ya kufungua, kina mama wa chakacha walilitazama, wakacheka, wakaenda kucheza mchangani. Chakacha ni ya kuzungukana: anayepiga makofi sasa ndiye atakayeingia kati baadaye. Ukimpandisha mchezaji juu, umemtenga na wenziwe. Siku hizi nainua sentimita 30 tu, zinazowatosha wapiga udi, kanuni na fidla walioketi, na mbele naacha uwanja mpana wa mchanga.

Kosa la pili lilininyima usingizi. Wapiga ngoma huzipasha ngozi moto ili zikaze, nami sikuwatengea mahali pa moto. Wakauwasha chini ya upenu wa makuti! Hakikuungua kitu, alhamdulillahi. Sasa, ndugu yangu mgeni wa kazi hii, moto uweke magharibi mwa banda. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Misimu yote miwili cheche zinapeperushwa mbali na paa.

Hizo hizo pepo ndizo zitakazokuonyesha banda lielekee wapi. Mimi huweka wapigaji upande wa kusini, mgongo wao ukutani, nyuso kaskazini. Kusi huwapelekea wasikilizaji sauti, ukuta huzuia mvua ya masika, na jua la alasiri halimchomi mtu machoni. Wakati wa kaskazi upepo hurudisha sauti nyuma, hilo nimelikubali.

Mabati yaache, mvua ikinyesha hamtasikizana. Makuti ni mazuri ila hunywa sauti, basi juu ya wapigaji funga dari la mbao linalopanda kuelekea kwa wasikilizaji. Mteremko wa paa uwe digrii 45 hivi, maji yasikae. Misumari iwe ya kuchovywa zinki, kwani chumvi ya bahari haina huruma. Na msikiti ukiwa karibu, nenda ukaongee na wazee mapema.

Lile jukwaa la mita 1 lipo bado. Watoto hulirukia, na siku za harusi hupangwa sufuria za pilau juu yake.