Kuinua pikipiki kubwa nyumbani: izuie kwanza isilale upande

Watu wengi wakifikiria kuinua pikipiki nzito wanaogopa mgongo. Mgongo uchungwe, sawa, lakini ajali nilizoziona mimi zilitokea pikipiki ikiwa imeshainuka, mtu ameshapumua na ameinama anahangaika na nati. Hapo ndipo inapoanza kulala upande taratibu, na ikishaanza hakuna mwanadamu wa kuizuia. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuinua ni kuhakikisha, kabla hujashika spana, kwamba haina pa kuangukia.

Ninayoitunza mimi hapa Arusha ni Honda Africa Twin, ile CRF1000L. Yenye breki za ABS, zile zisizofunga gurudumu, ina kilo 232 tangi likiwa limejaa. Boxer za bodaboda hazifiki hata 150, ndiyo maana fundi wa kijiweni anaipandisha Boxer kwenye stendi kwa mguu mmoja huku akiongea na mteja. Ukimpelekea kubwa ataishika vilevile, na simlaumu, mkono wake umezoea uzito mwingine. Ila naona heri niiinue mwenyewe, na kazi yenyewe haiishi: rimu ni za spoku, matairi yana tyubu, kwa hiyo kila pancha ni kuvua gurudumu zima. Bado cheni na vumbi letu.

Anza na pa kusimamia. Sakafu ya zege iliyo bapa ndiyo mahali pake. Vigae vya barazani vinateleza vikiguswa na oili, na udongo wa uani ukilowa unameza mguu wa stendi wakati umegeuka kutafuta bisibisi. Kama huna zege, tandika ubao mpana na mnene, ukae chini ya stendi yote. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kandambili ziache mlangoni. Watoto wa nyumbani wasogee mbali, na kama kuna jiko la mkaa linawaka karibu, ama jiko liondoke ama pikipiki iondoke, maana tangi likilala linaweza kumwaga petroli.

Punguza uzito. Vua masanduku ya pembeni, na usifanye kazi hii siku umetoka kujaza mafuta. Tangi la Africa Twin hii linachukua lita 18.8, petroli ina takriban robo tatu ya kilo kwa lita, kwa hiyo hizo ni kilo 14 zilizokaa juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote.

Halafu hili la nati. Nati ya ekseli ya nyuma, ule mhimili wa gurudumu, ilegeze pikipiki ikiwa bado chini, kwenye matairi yake yote mawili. Usiifungue, ilegeze tu. Jamaa mmoja tunayeendesha naye aliisahau hatua hiyo. Pikipiki ilikuwa imekaa vizuri juu ya stendi ya kati, nati imekaza, akaweka spana ndefu na kuanza kusukuma kwa mguu. Kila alipokandamiza, gurudumu la mbele lilikuwa linajongea kidogo, kama upana wa kidole, na yeye macho yako kwenye nati. Msukumo mmoja zaidi, stendi ikajikunja, pikipiki ikaja mbele ikalala upande wake. Aliponyoka na mguu kwa bahati. Wenzo wa breki ulikatika, usukani ukapinda.

Ndiyo maana ikishapanda kwenye stendi ya kati mimi hufunga vitu viwili. Wenzo wa breki ya mbele naubana kwa mpira wa tyubu, ule ule wa kufungia mizigo, ili gurudumu lisizunguke. Kisha napitisha mkanda kutoka kwenye stendi yenyewe hadi gurudumu la mbele na kuukaza. Stendi ya kati hujikunja kwa kurudi nyuma pikipiki inapokwenda mbele. Ikifungwa hivyo haiwezi kujikunja hata ukisukuma.

Kuipandisha penyewe kunahitaji ufundi kuliko misuli. Gia iwe huru. Simama upande wa kushoto, stendi ya pembeni ikiwa bado imeshuka. Mkono wa kushoto ushike usukani ulionyooka, wa kulia ushike chuma cha nyuma karibu na kiti. Kanyaga stendi ya kati kwa mguu wa kulia, polepole, huku ukiinyoosha pikipiki mpaka uhisi miguu yote miwili ya stendi imegusa chini kwa pamoja. Usiharakishe hapo. Ukianza kusukuma wakati mguu mmoja tu umegusa, unaisukumia upande wa pili ambako hakuna mtu. Ikishatulia, simama juu ya stendi kwa uzito wako wote, kama mtu anayepanda ngazi, mgongo umenyooka. Mikono inaielekeza tu juu na nyuma. Ikikataa, usivute kwa mikono. Ishushe, weka ubao wa sentimita 2 chini ya gurudumu la nyuma, ujaribu tena. Utashangaa ilivyo nyepesi.

Nyingi za aina hii huja bila stendi ya kati, inabidi uinunue peke yake. Nunua. Kama bado, tumia ile stendi ya gereji inayoinua swingamu, mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na muwe wawili: mmoja anaishika pikipiki wima, mwingine anasukuma stendi. Jeki inafaa kama fremu inapita chini ya injini. Ikae chini ya mabomba ya fremu pande zote mbili, na kipande cha mpira katikati. Isiguse kabisa sampu, bakuli la oili chini ya injini, wala bomba la moshi. Sampu nyingi ni za aluminiamu na zinapasuka. Na usiiegemeze kwenye kreti la soda: limetengenezwa kubeba chupa, basi.

Ukitumia jeki, ongeza mikanda miwili, mmoja kila upande, kutoka nyuma ya pikipiki hadi boriti ya zege ya baraza au tawi nene la mti. Si mbao za paa la bati. Mikanda isiibebe pikipiki, iisubiri tu.

Na pamoja na yote hayo ikianza kwenda, iachie uruke pembeni. Plastiki zinauzwa.

Cheni isafishwe kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa. Najua wapo wanaowasha, wanaingiza gia ya kwanza na kushika kitambaa ili kazi iende haraka. Kitambaa kikinaswa kinavuta kidole hadi kwenye sproketi, lile gia lenye meno la cheni, na sproketi inakikata. Tafadhali usifanye hivyo hata mara moja.

Wakati wa kuishusha, fungua mkanda wa stendi na mpira wa breki, teremsha stendi ya pembeni kwanza na uangalie kwa macho kwamba imefika mwisho. Simama kushoto tena, isukume mbele taratibu, mkono wa kulia ukiwa tayari kwenye breki. Nati ya ekseli malizia kuikaza ikiwa chini. Kisha kanyaga breki ya nyuma mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana ulipovua gurudumu huenda pistoni za breki zilirudi ndani, na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Ufanye hapo uani, kabla hujatoka getini.