Kufuatilia mshale wa kipanya katika Tkinter: ushauri kwa wanaoanza

Anayejifunza kutengeneza programu za madirisha kwa Python aghalabu hupewa zoezi la kuonyesha mahali ulipo mshale wa kipanya, naye huandika kitanzi kisichokoma kinachouliza nafasi hiyo kila mara. Dirisha huganda papo hapo, kwa kuwa mainloop ya Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha), ambayo ndiyo hupokea matukio yote, yaani taarifa za kusogeza kipanya, kubonyeza na kadhalika, haipati tena nafasi ya kufanya kazi. Programu haipaswi kuuliza. Isajili funsheni kwa bind chini ya tukio la <Motion>, kisha isubiri kuitwa.

Ugumu wenyewe huanzia kwenye namba zinazoletwa na tukio hilo. Thamani za event.x na event.y huhesabiwa kutoka pembe ya juu kushoto ya kipengele (kitufe, lebo na kadhalika) kilichopokea tukio, si ya dirisha zima, na y huongezeka kadiri unavyoshuka, kinyume cha grafu tulizochora shuleni. Ukisajili funsheni kwenye dirisha kuu, utaletewa pia matukio ya vitufe na lebo zilizomo ndani yake, kila moja likiwa na namba za kipengele chake. Ndiyo maana x inaweza kuruka kutoka 400 hadi 3 mara mshale unapoingia juu ya kitufe, na mtu akapoteza jioni nzima akitafuta kosa katika hesabu zake. Ukitaka nafasi ndani ya dirisha lote, chukua event.x_root, inayohesabiwa kutoka pembe ya skrini, upunguze humo winfo_rootx() ya dirisha, yaani mahali dirisha linapoanzia kwenye skrini, kisha ufanye vivyo hivyo kwa y. Canvas, yaani eneo la kuchorea, ikisogezwa kwa upau nayo inahitaji kubadilishiwa namba kwa canvasx na canvasy, la sivyo michoro itaangukia mahali pasipo pake.

Jambo la pili ni kwamba mwendo hauji ukiwa mstari usiokatika. Kipanya cha kawaida cha USB huripoti takriban mara 125 kwa sekunde, na matukio ya mwendo yaliyo kwenye foleni huweza kuunganishwa likabaki la mwisho tu. Kwa hiyo programu ya kuchora inayoweka nukta kwa kila tukio hutoa nukta zilizotawanyika mkono unapokwenda kasi. Hifadhi nafasi iliyotangulia, uchore mstari kutoka hapo hadi nafasi mpya. Kwa sababu hiyo hiyo, mshale unaweza kuvuka umbo jembamba bila tukio hata moja kutokea ndani yake.

Kwa kuburuta, tumia <B1-Motion>, yaani mwendo huku kitufe cha kushoto kimebonyezwa, ukianzia na <Button-1> na kumalizia na <ButtonRelease-1>. Kipengele kilichobonyezwa huendelea kupokea matukio hata mshale ukitoka nje yake, hivyo namba hasi ni za kawaida, na ni wajibu wako kuzizuia zikiwa hazifai.

Funsheni yenyewe iwe nyepesi. Kusoma faili au kuuliza hifadhidata humo ndani huifanya programu ichechemee. Afadhali ihifadhi nafasi ya karibuni tu, na kazi nzito ipangwe kwa after, inayoita funsheni baada ya muda fulani, tuseme kila milisekunde 16, mwendo unaokaribiana na skrini ya herzi 60.

Kuhusu mshale ulio nje ya madirisha yako, winfo_pointerx, inayotoa nafasi ya mshale kwenye skrini, husaidia kwenye Windows, lakini Linux inayotumia Wayland (mfumo wa kuonyesha madirisha) kwa makusudi haiielezi programu mshale uko wapi ukiwa juu ya madirisha ya wengine, kwa hiyo usijenge sehemu muhimu ya programu yako juu ya taarifa hiyo.