Kabla hujasema picha ni mbaya, sema uliionea wapi

Jumamosi usiku nyumbani kwetu ni usiku wa picha. Mama bado anasema "picha", mimi nasema "muvi", na mpwa wangu wa miaka 19 hutaja tu jina la ile inayotamba wiki hiyo. Tulianza Mama alipohamia kwangu Dar kutoka Tanga. Kila mtu ana zamu yake ya kuchagua. Ikiisha tunazima TV, chai inamiminwa, kila mmoja anasema ameionaje. Nimeshabishana kuhusu filamu kazini, kwenye daladala na kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, lakini ni hapa sebuleni nilipojua kwa nini mabishano mengi hayafiki popote. Watu wawili wanataja jina moja la filamu, kumbe kila mmoja aliona kitu chake.

Zamu yangu ya kwanza nilichagua Sholay ya Ramesh Sippy, iliyotoka India mwaka 1975. Niliamini naijua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niliiona nikiwa darasa la nne, kwenye banda la video mtaani kwetu: mabenchi ya mbao, deki juu ya meza, na mtafsiri ameshika maiki. Sisi ni kizazi cha kina Lufufu, mtafsiri maarufu wa picha za bandani, tulikwenda bandani kumsikiliza mtafsiri kama tulivyokwenda kuangalia picha. Mama yeye aliiona kwenye ukumbi wa sinema wa Majestic, Tanga, akiwa msichana, bila mtafsiri yeyote. Kihindi hakijui, ila nyimbo anazo zote.

Kuna sehemu Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, amekaa nje usiku anapuliza kinanda cha mdomo. Upande wa pili, kwenye baraza ya jumba la Thakur, mzee aliyewaajiri Jai na rafiki yake, Radha, mjane aliyevaa nyeupe, anapita akizima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani hata neno moja. Kichwani mwangu sehemu ile ilikuwa imejaa maneno, maana mtafsiri wetu aliwatungia mazungumzo, ahadi, mpaka habari za mahari. Kwa zaidi ya miaka 25 nimewaambia watu kwamba Sholay ni picha ya bunduki na farasi, na mapenzi yake ni porojo. Usiku ule kinanda kilisikika peke yake sebuleni, taa zikizimika moja moja, Mama ameshika kikombe bila kunywa. Nikatambua kwamba miaka yote nilikuwa namhukumu yule mtafsiri, wala si aliyeitengeneza.

Na haikuishia hapo. Bandani kwetu sheria ilikuwa staringi hafi. Basi Jai alipoanguka pale darajani, mtafsiri akatutangazia kwamba kazimia tu, anapelekwa hospitali, nasi tukatoka nje tukirukaruka. Mama anasema Majestic wanawake walitoka wanajifuta machozi kwa kanga. Nilipomsimulia toleo letu alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akaniuliza, "sasa ile sarafu uliielewaje?"

Sarafu ya Jai ina kichwa pande zote mbili. Kila alipoirusha kuamua nani abaki na nani aende, alikuwa ameshaamua moyoni, na rafiki yake Veeru anakuja kuligundua hilo Jai akiwa ameshakufa. Ukiondoa kifo, ile sarafu inabaki ujanja wa watoto. Mimi niliiona picha nzima isipokuwa kitu kilichoibeba.

Tangu siku hiyo, ushauri wangu kwa anayetaka kuzungumzia filamu ya zamani ni mmoja: itafute tena, tena isiyo na mtafsiri, uiangalie ndipo useme. Na kabla ya kuanza, tazama urefu wake. Sholay inapita saa tatu. Ukiwekewa kwenye flashi ya saa mbili, ujue imekatwa, na mara nyingi kinachokatwa kwanza ni nyimbo, ambazo kwenye picha za Kihindi za wakati ule zinabeba nusu ya hadithi. Hata aliyoiona Mama ukumbini ilikuwa imeshaguswa. Wakaguzi wa filamu wa India, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali mwaka 1975, hawakukubali Thakur amuue mwenyewe kwa miguu yake Gabbar, jambazi aliyemkata mikono, ndiyo maana polisi wanatokea mwishoni kumzuia. Mwisho wa asili umerudishwa katika nakala iliyosafishwa, ikaonyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025. Mama nilipomwambia alisema, "Ndiyo maana siku zote wale polisi niliwaona kama wageni wasioalikwa." Hakuwahi kusoma chochote kuhusu ukaguzi; aliona tu kwa macho yake kwamba kuna kiraka.

(Nimewasimulia mwisho bila kuomba radhi, kwa sababu picha ina miaka 50 na zaidi. Iliyotoka mwezi huu usimsimulie mtu mwisho wake. Kwetu anayefanya hivyo anapoteza zamu.)

Bongo muvi zinahitaji namna nyingine ya uangalifu. Mpwa wangu huzicheka: gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anapanda ngazi, dakika tatu zimekwenda hakuna lililosemwa. Hakuwepo enzi zile za diski, pale hadithi moja ilipouzwa Part 1 na Part 2, kila moja kwa bei yake. Hadithi ya diski moja ikalazimika kujaza mbili, na geti likawa sehemu ya kujazia. Nilimweleza hivyo, nikamwambia pia kwamba sababu si utetezi: geti linachosha leo kama lilivyochosha siku ile. Ila ukishajua limetoka wapi, unaweza kulitenga na uigizaji. Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012 akiwa na miaka 28, ana sehemu za kunyamaza na kuangalia chini ambazo ukizipita haraka kwa sababu ya geti utakuwa umemdhulumu. Mpwa wangu sasa husogeza mbele kwenye mageti na kusimama kwenye nyuso. Naona ni njia ya haki.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye filamu mpya. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, niliiangalia mara ya kwanza kitandani, kwenye simu, mwanga wa kioo umepunguzwa, sauti sikio moja. Nikaandika kwenye kundi la ukoo: "Giza tupu, na inakwenda polepole mno." Tena nilikuwa nimeshasoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano, kwa hiyo nilikuwa nakagua kilichorukwa kuliko kuangalia kilichopo. Wiki kadhaa baadaye Mama akaichagua. Kwenye TV, taa za sebuleni zimezimwa, lile giza lilikuwa na rangi: usiku wa Unguja ya miaka ya 1950, kuta, vitambaa, jasho. Taarabu iliyokuwa inakwaruza kwenye simu ikajaa chumba. Mama, ambaye ana ndugu Unguja, alikuwa akirudia maneno ya Kiunguja kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesikia jirani wa zamani akibisha hodi.

Niliandika tena kwenye kundi kwamba nafuta nililosema, nikaeleza na sababu: niliionea kwenye simu. Binamu wawili walikuwa wameshaiacha kwa ajili ya ujumbe wangu wa kwanza. Hilo liliniuma. Neno moja la haraka kutoka kwa mtu unayemwamini linatosha kumnyima mwenzio picha nzuri.

Mpwa wangu bado anaiona inajivuta, na simpingi. Aliiangalia yote, akataja kilichompungukia: alitaka harakati za Denge dhidi ya wakoloni ziwe nyingi kuliko macho ya wapenzi. Maoni ya namna hiyo nayapokea hata yakipingana na yangu, maana naweza kurudi kwenye filamu nikayapima.

Jumamosi hii zamu ni ya Mama. Anataka Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ambayo hajawahi kuiona. Aliyeiona ni mama yake, na Mama amekua akimsikia akiimba wimbo wake jikoni. Nimeshaipata isiyo na mtafsiri. Mpwa wangu ameambiwa simu inabaki chumbani.