Maswali na majibu: tofauti ndogo za rangi

Swali: Kipima rangi kinaonyesha kwamba jozi zangu mbili za sampuli zina tofauti ileile ya 2.4. Jozi ya kijivu naiona wazi kuwa haifanani, ila ya manjano iliyokolea siioni tofauti kabisa. Kifaa kimeharibika?

Jibu: Kifaa yaelekea ni kizima. Angalia kimewekwa fomula gani. Ile ya CIE (Tume ya Kimataifa ya Mwanga) ya mwaka 1976 huipa kila rangi namba tatu: L kwa weupe na weusi, a kwa wekundu na ukijani, b kwa umanjano na ubuluu. Unatoa namba za rangi moja kwenye za nyingine, unazidisha kila tofauti kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Tofauti zikiwa 1, 1 na 2, jibu ni kipeuo cha pili cha 6, yaani 2.45.

Hesabu hiyo huchukulia kuwa hatua moja ina uzito uleule kwenye rangi zote, na jicho haliko hivyo. Mtafiti wa rangi David MacAdam alilionyesha hilo mwaka 1942: mtazamaji mmoja alilinganisha rangi maelfu ya mara, na mtawanyiko wa majibu yake ukachora duaradufu 25 kwenye ramani ya rangi, nyingine ndogo, nyingine kubwa mara nyingi zaidi. Fomula ya 1976 ilipunguza kasoro hiyo bila kuimaliza, hasa kwa rangi zilizokolea. Badili uchague CIEDE2000, fomula mpya zaidi ya CIE. Kwa manjano yenye ukolezi wa 90, tofauti ya ukolezi ya 2.4 hushuka hadi 0.5 hivi, na hapo namba itaanza kuafikiana na macho yako. Ukiandika matokeo, taja fomula, 2.4 peke yake haina maana.

Swali: Nataka kupima mwenyewe, kwa kompyuta, ni tofauti ndogo kiasi gani mtu anaweza kuiona. Nimekuwa nikionyesha miraba miwili na kuuliza “Zinafanana?” lakini majibu yanayumba sana.

Jibu: Swali lako ndilo linaloyumbisha. Mwoga husema “zinafanana” mpaka awe na hakika. Jasiri husema “hazifanani” kwa dalili yoyote. Hapo unapima tabia. Mlazimishe achague: onyesha miraba minne, mitatu rangi moja na mmoja tofauti, auonyeshe ulio tofauti hata kama anabahatisha. Kubahatisha tupu humpa 25 kwa mia, kwa hiyo chochote kinachozidi hapo kwa uthabiti kimetoka machoni.

Kila mraba uwe na upande wa sentimita 2 na mtazamaji akae sentimita 60 kutoka kwenye skrini. Hizo ni nyuzi 2 hivi za pembe ya kuona. Mandhari yawe kijivu cha wastani. Onyesha kwa sekunde moja, kisha rudisha kijivu kitupu, la sivyo kivuli cha rangi iliyopita hubaki machoni. Mahali pa mraba tofauti pabadilike bila mpangilio.

Anza na tofauti kubwa isiyo na ubishi. Akipatia mara mbili mfululizo, ipunguze. Akikosea mara moja, iongeze. Ngazi hiyo hutulia penye tofauti anayoipatia takriban mara 71 kwa mia. Endelea mpaka mwelekeo ugeuke mara 8, tupa mageuko mawili ya kwanza, chukua wastani wa sita yaliyobaki. Hicho ndicho kizingiti chake, yaani tofauti ndogo anayoweza kuiona, kwa rangi hiyo na kwa mwelekeo huo tu. Kuelekea wekundu ni kipimo kimoja, kuelekea umanjano ni kingine.

Mengi huharibikia kwenye skrini. Iwashe nusu saa kabla, zima mwangaza wa kujirekebisha na rangi za usiku. Skrini yenye hatua 256 kwa kila rangi nayo ina ukomo: kwenye kijivu cha kati, kupandisha nyekundu, kijani na buluu kwa hatua moja hubadilisha L kwa karibu 0.4, kwa hiyo huwezi kupima kizingiti kilicho chini ya hapo. Na ukitaka kupima aina ya rangi pekee, hakikisha mwangaza haubadiliki nayo. Jicho litaukamata huo kwanza.

Swali: Je, lile jaribio la Farnsworth-Munsell la kupanga vifuniko 100 vya rangi kwa mfuatano linatosha kumchagua mkaguzi wa rangi?

Jibu: Vifuniko ni 85, katika visanduku vinne, jina lisikuchanganye. Alama huhesabiwa hivi: kwa kila kifuniko, jumlisha tofauti ya namba yake (nafasi yake sahihi) na ya kila jirani, kisha toa 2. Kifuniko cha 16 kikikaa kati ya 14 na 15, ni 2 jumlisha 1, toa 2: kosa 1. Jumla isiyozidi 20 ni jicho bora. 20 hadi 100 ni la kawaida. Linatosha kuchuja, mradi taa iwe ya mwanga wa mchana na vidole visiguse uso wa rangi, maana mafuta huuchafua. Haliwezi kukuambia kizingiti kwa namba za fomula. Kwa hilo rudi kwenye miraba minne.