Nifunge 1JZ kwenye IS200 yangu au ninunue gari la drifti lililokamilika?

Swali: Habari fundi. Nina Lexus IS200 ya manyua gia sita, ile yenye injini ya 1G, inatembea vizuri na ndo naenda nayo kazini. Nataka kuingia kwenye drifti, ule mchezo wa kuendesha gari likiteleza pembeni, sijawahi kabla, zaidi ya kuzungusha kidogo mvua ikinyesha. Kuna mtu anauza injini ya 1JZ-GTE VVTi (ya Toyota, silinda sita yenye turbo) na waya zake na kontroboksi, giaboksi hana. Nikawaza nifunge hiyo. Washkaji wanasema niuze IS ninunue gari ambalo tayari limetengenezwa. Hela yangu inatosha jambo moja tu. Na hii giaboksi yangu itakaa kwenye 1JZ?

Jibu: Salama kaka. Nianze na la giaboksi maana ndo lenye jibu fupi: kukaa itakaa ukipata belihauzi (ile nyumba inayounganisha injini na giaboksi) au adapta inayofaa, kudumu haitadumu. Hiyo boksi yako ya gia sita imewekwa kwenye injini inayotoa toki kama Nm 195, 1JZ ya VVTi ikiwa standadi kabisa inatoa karibu Nm 380 na inazitoa chini chini huko rpm 2,400. Boksi ya ukoo huo huo iko kwenye Nissan Silvia S15 yenye injini ya SR20DET, Nm 275 tu, na hata huko watu wanaipasua kila siku. Kwenye drifti unapiga klachi gari likiwa linaenda pembeni na tairi linashika na kuachia, ule mshtuko wote unaishia kwenye gia. Kwaiyo hesabu R154, giaboksi ya manyua ya Toyota, au boksi nyingine inayobeba, na kwa 1JZ boksi za manyua ndo zinatafutwa kuliko hata injini zenyewe.

Sasa hapo umeshaona shida ya hesabu yako ilipo. Umepigia hesabu injini tu. Injini ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye swapu (kubadilisha injini), yani ukishaiona imening'inia kwenye mnyororo inashuka kwenye boneti unaona kazi imeisha kumbe ndo imeanza. Unataka mauntingi za kuikalisha, sampu ambayo haigongi krosimemba, propela shafti ya kukatwa na kubalansiwa, klachi ya kubeba hiyo toki, pampu ya mafuta, intakula (ya kupoza hewa ya turbo) na mabomba yake, dauni paipu, rejeta kubwa, feni, na waya. Waya ndo zinapolaza magari miaka. Injini itawaka siku ya kwanza ukiiwekea umeme wa moja kwa moja, sawa, ila dashibodi iwe hai, RPM isome, geji ya joto isome kweli, feni ziwake zenyewe, chaji iingie, imobilaiza isigome, hiyo ni kazi ya mtu anayesoma dayagramu, sio wa kujaribu jaribu kwa taa ya testa. Nimefungua magari yamefungwa injini vizuri kabisa, kulehemu kusafi, afu chini ya dashi kuna furushi la waya za rangi moja zimesokotwa na tepu. Gari la hivyo linazima katikati ya kona na hamna anayejua kwa nini.

Na hata ukimaliza yote hayo, bado hujawa na gari la drifti. Una IS200 yenye nguvu. Breki ni zile zile, difu ni ile ile (kama yako ilikuja na LSD, yani difu inayozuia tairi moja lisichukue nguvu yote, ya aina ya Torsen, jua kwamba tairi moja likinyanyuka inaachia, sio ya kufunga kama za klachi), shokapu laini, bushi za zamani, usukani haukunji vya kutosha. Gari likienda pembeni upepo hauingii mbele sawasawa huku injini iko juu muda mrefu, kwaiyo joto linapanda haraka, la maji na la oili, hata mafuta ya pawasteringi yanachemka na kumwagika maana unakata usukani huku na huku bila kupumzika. Hizo zote ni hela, tena ambazo hazionekani kwenye tangazo la mtu anayekuuzia injini.

Kwa mtu wa hali yako, kwa hiyo, mimi naegemea upande wa washkaji wako, nunua lililotengenezwa. Ila sio kwa sababu wanayoisema wao kwamba ni rahisi. Ni kwa sababu aliyelijenga kalipia vile vitu vidogo vidogo na akiuza hela hazirudi zote, wewe unavipata kwa bei ya chini ya vilivyomgharimu. Na unaanza kuendesha sasa hivi. Drifti inajifunzwa kwa kuchoma tairi, sio kwa kusubiri fundi apigiwe simu.

Ila ukinunua vibaya ni balaa kuliko swapu, maana unanunua uzembe wa mtu mwingine bila kujua alipoufichia. Uliza kwanza kwa nini anauza, afu msikilize anavyojibu. Mwambie asiliwashe kabla hujafika, unataka kuliona likiwaka la baridi. Pima kompresheni silinda zote, namba yenyewe sio kitu sana, kitu ni zifanane, moja ikiwa chini sana kuliko wenzake kuna pete au valvu au gasketi imechoka hapo, na kama una mtu mwenye kifaa cha kupima uvujaji mwambie apime, kitakwambia upepo unatokea wapi. Ondoa mguu kwenye mafuta toka rpm za juu uangalie moshi wa bluu nyuma. Kama ni 1JZ ya zamani yenye turbo mbili, uliza bustii (presha ya turbo) imepandishwa kiasi gani, zile zina gurudumu la seramiki upande wa moto na ukizisukuma linavunjika. Kama ni SR20 ya Nissan, anayeipeleka mpaka inagonga limita kila kona mara nyingi anarusha roka (vile vinavyosukuma valvu), kwaiyo sikiliza hedi vizuri.

Baada ya hapo ingia chini, na hapa usione aibu kuchafuka. Tafuta nyufa pale sabufremu ya nyuma inaposhika bodi, BMW E46 ndo ugonjwa wao huo, sakafu inachanika, na gari nyingine pia zikipigwa sana. Angalia chesisi reli za mbele kama zimenyooshwa, minara ya shokapu, sehemu zilizolehemewa juu ya kutu. Nyanyua mbele, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, kama ina ango kiti, ile ya kuongeza tairi kukunja, angalia tairi linagusa wapi na hosi ya breki inavutika au la. Difu iliyolehemewa sio dhambi, ni rahisi na inafanya kazi, ila itakuwa inapiga kelele kwenye kona za taratibu na shafti zinaumia, kwaiyo isiuzwe kwako kwa bei ya LSD. Fungua boksi la fyuzi, ukikuta vurugu hapo basi hivyo ndivyo lilivyo kote. Na makaratasi, namba ya injini na ya chesisi zifanane na kadi, gari limeshabadilishwa injini bila kuandikishwa litakusumbua wewe sio yeye.

Usipeleke hela kwenye projekti ya mtu iliyokwama, ile ya "bado waya tu". Waya tu ndo kila kitu, nimeshaeleza hapo juu.

Tafuta gari la kawaida, sio la mashindano. Hp 200 hadi 280 inatosha mno kuanzia, BMW E36 yenye silinda sita za mstari, Nissan S13 au 350Z, Toyota Mark II ya JZX100 ya turbo ambayo 1JZ imezaliwa nayo kiwandani, hiyo ya mwisho ukiipata nzima ndo swapu unayoitaka bila kufanya swapu. Usinunue la hp 500 kwa sababu video inavutia, litakula tairi usizoweza kununua na litakuficha makosa, unakanyaga tu moshi unatoka ila hujui usukani ulikuwa wapi.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuuliza. Kama IS ndo inakupeleka kazini, usiiguse. Ila kama unaweza kupata usafiri mwingine, lehemu difu au weka LSD ya klachi, weka shokapu ngumu na viti vya kukushika, tairi za nyuma za bei rahisi, na uende kwenye uwanja wa kudrifti na hp zako 155. Ina nguvu ndogo ndio, utakuwa unaipiga klachi na kuingia kwa kasi kuliko wenzako, na gia ya pili ndo utaishi humo. Watu wengi waliojifunza kwenye gari dhaifu wanaendesha vizuri kwa sababu hiyo hiyo, ukikosea laini gari linanyooka papo hapo, hamna nguvu ya kukuokoa.

Swapu ningekwambia ufanye endapo mambo haya yangekuwepo pamoja: gari halikuhitajiki kwa lolote lingine, una sehemu ya kuliacha limefunguliwa bila mtu kukusumbua, giaboksi na injini umezipata pamoja kutoka gari moja na waya hazijakatwa, na unafurahia kushika spana kama unavyofurahia kuendesha. Wewe naona unataka kuendesha. Hiyo 1JZ muache nayo mwenyewe, au kama bei ni ya kutupa na unaitaka sana, ichukue uihifadhi, ziba matundu yote, mimina oili kidogo kwenye silinda na uizungushe kwa mkono mara moja moja isije ikashika, R154 uitafute taratibu bila kukimbizwa.