Farasi akianza tena kugaagaa baada ya sindano, usiongeze sindano, mpakie

Mleta uzi, weka hiyo sindano chini kwanza. Farasi jike wa miaka 18, kaanza kugaagaa kwa maumivu ya tumbo alfajiri, ukampiga flunixini, dawa ya kutuliza maumivu, akatulia, sasa anakwaruza chini tena na kujitazama ubavuni, halafu unauliza uongeze dozi ama umpe mafuta ya kulainisha, na chakula gani kinafaa. Usiongeze, na usimpe kitu chochote mdomoni. Piga simu ya daktari sasa hivi na mtu mwingine atafute trela ya kumpeleka hospitalini.

Mimi ni saisi huku Dubai, na farasi wa umri huohuo nimemwona akifa kwa ushauri huuhuu. Msimamizi wetu wa zizi, anayejiita mzoefu, alisema ni gesi tu, piga nyingine. Na kweli akatulia bwana, akasimama kichwa kimeinama, watu wakapongezana amepona, hata maji akawekewa, kumbe dawa imezima maumivu tu na ndani utumbo unaendelea kufa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna aliyeshika mshipa. Weka vidole chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya ukingo wa mfupa, hesabu. Farasi mzima akiwa ametulia moyo unapiga 28 mpaka 44 kwa dakika, ukivuka 60 ujue hali si nzuri hata kama amesimama kimya. Daktari alipofika jioni wetu alikuwa amevuka 80, fizi zimekuwa za zambarau na ukizibonyeza damu inachelewa kurudi.

Akapitisha mpira puani mpaka kwenye mfuko wa tumbo, maji ya kijani yakaanza kumwagika yenyewe, ndoo ikajaa. Farasi hawezi kutapika, kwahiyo utumbo mwembamba ukiziba kila kitu kinarudi nyuma na mfuko unaweza kupasuka, sasa fikiria ummiminie na hayo mafuta juu yake! Kisha akadunga chini ya tumbo kuchota maji ya ndani, ambayo kwa kawaida ni ya manjano na unaona upande wa pili, yakatoka mekundu. Hapo ndipo neno upasuaji likatajwa, wakati lilitakiwa litajwe asubuhi.

Hospitalini akalazwa chali, akapasuliwa katikati ya tumbo, wakakuta uvimbe wa mafuta wenye kikonyo kirefu umejizungusha kwenye utumbo mwembamba na kuunyonga. Ni ugonjwa wa farasi wazee huo, na hakuna sindano inayofungua fundo. Mkiwahi, wanakata kipande kilichokufa na kuunga ncha mbili zilizo hai, na wapo wengi waliorudi kupandwa baada ya hapo. Wa kwetu kilichokufa kilikuwa kirefu mno, hakuamshwa tena. Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na yule msimamizi bado anawaambia watu ilikuwa kudra. Kudra gani, wakati dalili zote zilikuwepo tangu saa tatu asubuhi na yeye ndiye aliyekataa daktari asiitwe eti gharama!

Kwahiyo shika hili moja tu: maumivu yakirudi wakati dawa bado iko mwilini, huyo ni wa hospitali. Kumpeleka si lazima apasuliwe, watampima kwa ultrasaundi, watamwingizia mkono nyuma kupapasa utumbo, na ikiwa ni gesi au mchanga tu mtarudi naye nyumbani na hasara yako ni mafuta ya gari. Andika kwenye karatasi saa uliyomdunga na kiasi ulichompa, daktari atakuuliza hilo mapema kabisa. Mwondolee chakula chote zizini, na wasikudanganye umtembeze mpaka achoke.

Ukishahesabu mapigo weka namba hapa, ila usisubiri majibu yetu ndiyo uondoke.